Maoni ya Filamu Sebuleni

Filamu inayotazamwa nyumbani hupata wahakiki wake papo hapo, kwa kuwa watazamaji wa sebuleni, tofauti na wale wa ukumbini, huweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma na kubishana kuhusu mhusika hata kabla hajafungua mlango alioushika. Nchini Tanzania maoni ya namna hiyo yaliingia ndani ya kanda zenyewe: Lufufu, mfasiri mashuhuri, yaani mtu anayerekodi sauti yake juu ya filamu ya kigeni, alieleza kisa kwa Kiswahili huku akichomekea maoni yake, kama afanyavyo DJ Afro nchini Kenya. Wanaoiita kazi hiyo uharibifu wa sanaa wanakosea, maana mtazamaji asiyejua Kihindi wala Kichina alipewa maana pamoja na mtu wa kubishana naye.