Mbarara au Hoima? Mambo ya kupima kabla ya kuhama kambi

  Leo tunajibu swali ambalo linatufikia kila wiki, kwa simu, kwa barua, hata njiani kwenye mstari wa maji: "Hapa Nakivale chakula kimepungua. Nihamie mjini. Je, niende Mbarara au Hoima?"

Swali hili lina sababu. Tangu mwaka 2020 Shirika la Chakula Duniani limekuwa likipunguza msaada wake Uganda. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi, na wale walioonekana kuweza kujitegemea wakaondolewa kwenye orodha. Mwaka 2025 watu milioni moja walikatwa tena. Baba au mama mwenye watoto watano hawezi kukaa akitazama sufuria. Lakini mji unaosifiwa na jirani si lazima uwe mji wako. Tuulinganishe mmoja na mwingine, taratibu.

Kwanza, miji yenyewe

Yote miwili iko magharibi mwa Uganda, na yote imepandishwa hadhi kuwa jiji katika miaka ya karibuni. Mbarara ilianza tarehe 1 Julai 2020. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2014, Mbarara ilikuwa na watu karibu 195,000 na Hoima karibu 100,000. Leo yote imeongezeka.

Mbarara inakua kama mti wa mwembe, polepole na kwa mizizi mingi. Kuna maziwa, ng'ombe na ndizi. Kuna barabara kuu ya Kampala inayoendelea hadi Kabale na mpaka wa Rwanda, kwa hiyo malori na mabasi hayakosekani. Kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tangu mwaka 1989, na hospitali kubwa ya rufaa. Wanafunzi na wagonjwa ni watu wanaokula, wanaoosha nguo, wanaonyoa, wanaotafuta chumba. Pesa yao ni ndogo, lakini inakuja kila siku.

Hoima inakua kwa sababu nyingine: mafuta. Yaligunduliwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, na tarehe 1 Februari 2022 kampuni na serikali zilitangaza uamuzi wa mwisho wa kuwekeza. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaanzia Kabaale, wilaya ya Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga, Tanzania. Huko huko Kabaale kuna kiwanja kikubwa cha ndege. Barabara zimewekwa lami. Mwaka 2024 ulianza kujengwa uwanja wa mpira kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ukifika Hoima unaona vumbi la ujenzi na unasema: hapa kuna kazi.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Kuchimba mtaro wa bomba kunahitaji mikono mingi. Kulisimamia bomba likishafukiwa kunahitaji watu wachache, wengi wao mafundi wenye vyeti. Vilevile, kanuni za mafuta za Uganda zinatanguliza raia katika ajira na katika kuuza bidhaa kwa makampuni. Mkimbizi anayekwenda Hoima akitegemea kuandikwa kwenye mafuta yenyewe anaweza kungoja sana. Anayekwenda kuwauzia chakula wafanyakazi, kushona sare zao, kutengeneza viatu au kununua mahindi na samaki na kuyapeleka sokoni, huyo ana nafasi. Ila naye ajiulize: ujenzi ukiisha na wateja wakaondoka, nitamuuzia nani?

Kwa hiyo usiulize tu "mji upi una pesa?" Uliza: "pesa ya mji huu inatoka wapi, na itaendelea kutoka hadi lini?"

Pili, faili lako liko wapi?

Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalipimi, na ndilo linalowaumiza. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea na kufanya kazi. Lakini msaada, uandikishaji na faili la familia vinabaki kambini. Kampala wapo wakimbizi walioandikishwa kama wa mjini, nao hawapewi chakula. Mbarara na Hoima hakuna uandikishaji wa namna hiyo. Ukihamia huko, kwenye vitabu bado wewe ni mtu wa Nakivale, au wa Kyangwali, au wa Kyaka II.

Maana yake nini? Siku ya kupokea chakula au pesa unatakiwa uonekane. Siku ya uhakiki wa alama za vidole unatakiwa uonekane, pamoja na familia yako. Mwaka 2018 serikali na UNHCR walihakiki wakimbizi nchi nzima, kuanzia Machi hadi Oktoba. Waliokuwa kwenye vitabu walikuwa karibu milioni 1.4, waliohakikiwa ni kama milioni 1.1. Asiyeonekana, jina lake liliwekwa pembeni, na kulirudisha ni safari nyingine ya ofisi hadi ofisi.

Kwa mtu wa Nakivale, Mbarara ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Hoima ni mbali: unapita Fort Portal na Kyenjojo, au unazunguka Kampala, na lazima ulale njiani au ufike usiku. Kwa mtu wa Kyangwali mambo ni kinyume: Hoima ndiyo mji wake wa karibu. Unaweza kuomba faili lihamishwe kutoka kambi moja hadi nyingine katika Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani OPM, lakini kuomba si kupewa. Uliza kabla ya kuuza godoro.

Tatu, tufanye hesabu

Chukua kalamu. Namba hizi ni mfano tu, weka zako.

Tuseme mama mmoja wa Nakivale anauza maandazi na chai. Mbarara anapanga chumba kimoja, kile wenyeji wanachokiita muzigo, kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Maji 20,000, mkaa 50,000, umeme 15,000, chakula 300,000, shule na dawa 60,000. Safari moja ya kambini kila mwezi, kwenda na kurudi, 20,000. Jumla ni 585,000. Mwezi una siku 26 za kazi. Safari inamlia siku moja, zinabaki 25. Akipata faida ya 24,000 kwa siku, anapata 600,000. Anabaki na 15,000. Ni kidogo, lakini hana deni.

Sasa Hoima. Tuseme wateja ni wengi na faida ni 30,000 kwa siku. Anafurahi. Lakini chumba ni 180,000, kwa sababu wenye nyumba nao wamesikia habari za mafuta. Safari ya kambini ni 100,000. Vingine tuviache vilevile. Jumla ni 725,000. Safari inamlia siku tatu, zinabaki 23. Faida yake ni 690,000. Amepungukiwa 35,000 kila mwezi, ingawa kila siku anauza zaidi kuliko wa Mbarara.

Umeona? Ukisikia mtu akisema "Hoima nilikuwa napata elfu thelathini kwa siku," hajakuambia chochote bado. Muulize alilipa chumba kiasi gani, na alirudi kambini mara ngapi. Mtu wa Kyangwali akifanya hesabu hii, Hoima inaweza kumshindia Mbarara vizuri kabisa.

Na usisahau pesa ya kuanzia. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa mbele. Pesa hiyo itoke mfukoni, isitoke kwenye mtaji wa biashara.

Nne, maji, udongo na mvua

Mbarara imejengwa kando ya mto Rwizi. Kwa miaka mingi mji umekunywa maji ya mto huo, nao umepungua na kuchafuka, ndiyo maana kukawa na mradi wa kuvuta maji kutoka mto Kagera kupitia Isingiro. Chumba cha bei nafuu bondeni kinaweza kuwa nafuu kwa sababu mvua inakijua. Katika mji wowote, tazama chumba mara mbili: mchana, na baada ya mvua kubwa. Angalia alama ya maji ukutani. Uliza wapangaji, usimuulize mwenye nyumba peke yake: maji ya bomba yanakatika siku ngapi kwa wiki? Umeme mnachangia vipi? Choo ni cha familia ngapi?

Tano, lugha na majirani

Mbarara wanasema Runyankore, Hoima Runyoro. Ni lugha ndugu. Ukijua moja utaisikia nyingine. Wenzetu wanaosema Kinyarwanda au Kirundi hawakawii kushika Runyankore. Kiswahili kinasikika sokoni na kwa madereva katika miji yote miwili, lakini mteja ananunua haraka ukimsalimu kwa lugha yake. Ndugu zetu Warundi watacheka kusikia kwamba Hoima kuna mtaa unaoitwa Bujumbura. Jina hilo lisikudanganye, huko nako salamu ni ya Kinyoro.

Ukifika tu, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa. Mpelekee kitambulisho cha mkimbizi na nakala ya karatasi ya familia. Akikujua mapema, siku ya shida, iwe wizi au ugomvi na mwenye nyumba, huanzi kujieleza kama mgeni. Karatasi yenyewe ya familia itunze vizuri, na usimwachie mwenye nyumba kama dhamana hata akisisitiza.

Sita, watoto na wagonjwa

Shule za msingi za serikali zinapokea watoto wa wakimbizi kama wa raia, ila kuna michango, sare na chakula cha mchana. Nenda shuleni mwenyewe uulize jumla ya muhula, si ada pekee. Miji yote miwili ina hospitali ya rufaa ya serikali. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa sukari, mwenye kutumia dawa za kila siku au mtoto mwenye ulemavu, hospitali iwe jambo la kwanza kwenye hesabu yako, na uulize kambini jinsi ya kuhamisha kadi ya dawa kabla ya kuondoka.

Mwisho, jinsi ya kujaribu

Usihame na nyumba nzima siku moja. Atangulie mmoja, kwa mwezi mmoja au miwili, wengine wabaki na kiwanja na shamba. Aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka katika daftari. Mwezi ukiisha, kaeni chini, msome daftari pamoja. Mama aseme, baba aseme, hata mtoto mkubwa aseme, kwa sababu yeye ndiye atakayebadilisha shule. Daftari likionyesha deni miezi miwili mfululizo, rudini bila aibu, au mjaribu mji mwingine. Nyumba ya kambini msiiuze wala kuibomoa mpaka mwaka upite.

Kama bado una swali, fika kwenye ofisi ya OPM au meza ya msaada iliyo karibu na zoni yako, ulizia habari za faili lako kwanza. Nasi tuandikie: mji gani umeujaribu, na daftari lako lilisema nini? Tutayasoma majibu hewani bila kutaja majina.