Windows 10 Imefika Mwisho: Ofisi Ndogo Ilipie Nini, Isilipie Nini

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imesitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta zinawaka kama kawaida, kwa hiyo ofisi nyingi zimeamua kungoja. Nyingine zimeambiwa na muuzaji kwamba hakuna jingine ila kununua mashine mpya zote. Njia zote mbili ni ghali. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, panga kompyuta zako kwa uwezo wake na kwa kazi zinazofanya. Huenda kila moja ikahitaji jibu lake.

Kungoja kuna gharama iliyokwisha kuonekana. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Mei mwaka huohuo programu hasidi ya WannaCry ikapita kwenye mashine ambazo hazikuwekewa kiraka, ikafunga mafaili na kudai fidia. Nchini Uingereza pekee, miadi ya hospitali takriban 19,000 ilifutwa. Anayetunza nakala za vitambulisho na hesabu za wateja ana wajibu wa kisheria pia: Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha yenye kompyuta 5.

Kuhamia Windows 11: bure, mashine ikikubali

Leseni halali ya Windows 10 inakuvusha bila malipo. Masharti ni RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, Secure Boot, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa kawaida huanzia kizazi cha 8. Soma namba iliyo baada ya kistari: i5-8250U inapita, i5-7200U haipiti. Kumbuka hilo hasa unaponunua laptopu iliyotumika Kariakoo au Luthuli Avenue, kwa sababu neno "i5" peke yake halikwambii kitu.

Mashine ikikataliwa kwa sababu ya TPM, usiitupe bado. Mara nyingi chipu imo ila imezimwa, na fundi anaiwasha kwenye BIOS kwa dakika chache. Ili kuokoa bando, pakua Windows 11 mara moja, iweke kwenye flashi ya GB 8, kisha itumie kwa mashine zote. Kwanza hifadhi nakala ya mafaili kwenye diski ya nje. Mkatalie fundi anayetaka kuruka masharti kwa mbinu za pembeni, kwa maana Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Kulipia muda wa nyongeza

Microsoft inaziuzia ofisi masasisho ya usalama kwa muda usiozidi miaka mitatu: dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Jumla ni dola 427 kwa mashine moja, au dola 2,135 kwa zote tano. Anayejiunga mwaka wa pili analipa na wa kwanza. Upo pia mpango wa dola 30, lakini huo ulitengenezwa kwa watumiaji wa nyumbani.

Linganisha dola 427 na bei unayotajiwa ya kompyuta iliyotumika ya kizazi cha 8 au zaidi. Ikiwa mashine hiyo inapatikana kwa bei ya chini, kulipa miaka mitatu ni kupoteza fedha. Nyongeza ya mwaka mmoja ina maana pale tu programu muhimu inapohitaji muda wa kuhamishwa.

Ubuntu na LibreOffice: bure, kwa kazi zinazofaa

Ubuntu 24.04, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, haina ada ya leseni na inapata masasisho ya kawaida hadi 2029. Inaifaa kompyuta ya mapokezi au ya mtu anayeshinda kwenye kivinjari na barua pepe. Haiifai kompyuta inayoendesha Tally au programu nyingine ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows. Fomu za Excel zenye makro, ambazo walipakodi wa Kenya wanazijua kutoka iTax, zijaribiwe ndani ya LibreOffice kwenye mashine moja kabla ya kuhamisha nyingine. Hesabu pia siku za kuwafundisha wafanyakazi, maana nazo ni gharama.

Kufikia kompyuta ya ofisi ukiwa mbali

Hapa ndipo ofisi ndogo nyingi zinapoacha mlango wazi. Windows Home haipokei miunganisho ya Remote Desktop; inahitaji Pro. Hata ukiwa na Pro, usifungue mlango namba 3389 kwenye ruta ukauelekeza intaneti, kwani wadukuzi huutafuta usiku na mchana. Pitisha muunganisho ndani ya VPN.

TeamViewer na AnyDesk ni bure kwa matumizi binafsi. Ofisi inatakiwa kulipa leseni, na anayeikwepa anaweza kukatiwa huduma katikati ya kazi. Chrome Remote Desktop haitozi ada. RustDesk ni programu huria, na ukiwa na fundi wa kudumu unaweza kuiwekea seva yako mwenyewe. Yoyote utakayochagua, akaunti zinazofungua njia hiyo ziwe na uthibitisho wa hatua mbili. Programu ya simu inayotoa namba za uthibitisho huo ni bure.

Pendekezo langu

Tuseme kati ya zile tano, tatu zinapita. Zihamishie Windows 11 wiki hii. Ya nne ya mapokezi iwekwe Ubuntu. Ya tano, ya mhasibu, ibadilishwe kwa iliyotumika yenye prosesa inayokubalika, na ile ya zamani ilipiwe nyongeza ikiwa tu uhamisho wa hesabu utachelewa. Kwa mpangilio huo ofisi inanunua mashine moja badala ya tano. Fedha inayobaki inunue kwanza diski mbili za nje za kuhifadhi nakala, moja ikae nje ya ofisi, kwa kuwa hakuna sasisho linalorudisha faili ambalo halikuhifadhiwa popote.