Ndala zimeliwa tena: biashara ya vitu vya kuguguna Mbeya na Iringa

Kwenye rundo la midoli ya mtumba pale Mwanjelwa, Mbeya, katikati ya dubu wasio na macho na magari yasiyo na magurudumu, niliokota kidude cha mpira mwekundu. Kilikuwa kizito, kama mipira mitatu iliyobebana, mkubwa chini na mdogo juu, na tundu katikati. Mama muuzaji alisema ni kizibo cha chupa ya chai. Nilipokigeuza akabadili maneno: "Basi ni cha mtoto, kaka, chukua tu." Nikakilipia bei ya chai na chapati mbili, nikaondoka kabla hajafikiri upya.

Kilikuwa kichezeo cha mbwa cha kampuni ya Kong. Kwa Marekani, kipya cha mbwa mkubwa kinauzwa kiasi cha dola 15 hadi 20. Mimi nyumbani nina chotara wa jamani shepadi wa miezi minane. Kabla ya siku ile alikwishakula ndala nne, zote za mguu wa kushoto, kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ufagio wa chelewa na kona ya mlango wa banda lake mwenyewe. Kidude kile kina miezi kadhaa sasa mdomoni mwake. Kina alama za meno, ila hakijamegeka.

Ndipo nikaanza kuulizia madukani. Nimeingia maduka sita ya dawa za mifugo, matatu Mbeya na matatu Iringa. Kote nilikuta dawa ya minyoo, dawa ya kupe, minyororo, mikanda ya shingo na bakuli. Kitu cha kuguguna hakuna. Kijana mmoja wa Iringa aliuliza kwa upole kama ninatafuta mbwa wa kuchezea au kitu cha mbwa kuchezea, maana alidhani nimekosea kusema.

Wanunuzi wapo, hilo sina shaka nalo. Pita Forest na Uzunguni jijini Mbeya, au Gangilonga mjini Iringa, uhesabu mageti yaliyoandikwa "Mbwa mkali". Nyuma ya kila geti kuna mnyama aliyenunuliwa kwa fedha nzuri, anayekula pumba na dagaa kila siku, anayechanjwa kichaa kila mwaka. Alfajiri anafungiwa bandani, usiku anafunguliwa. Saa zote za katikati hana kazi. Mbwa huzaliwa bila meno, huota 28 ya utoto, kisha huyabadili kuwa 42 ya ukubwa akifika miezi sita au saba. Kipindi hicho ufizi humwasha, naye hutafuna chochote kilicho karibu. Meno yakishatimia, kinachomtafunisha ni uvivu wa kulazimishwa.

Wamarekani walitumia dola bilioni 147 kwa wanyama wao wa nyumbani mwaka 2023, na sehemu kubwa ya fedha hizo inasukumwa na mapenzi. Kwetu usitegemee mapenzi. Mwenye mbwa wa Forest atafungua pochi kwa hesabu nyingine: viatu vilivyoliwa, nyaya za king'amuzi zilizokatwa, mlango wa banda unaopigwa mbao upya. Anayetaka kuingia katika biashara hii auze hasara iliyoepukwa, na ataeleweka mara moja.

Kidude changu chenyewe kina historia ya gereji. Mwaka 1976, katika jimbo la Colorado, Joe Markham alikuwa na jamani shepadi aliyestaafu upolisi, jina lake Fritz, aliyekuwa akiyamaliza meno yake kwa kutafuna mawe. Siku moja Markham anatengeneza gari lake aina ya Volkswagen, vipuri vimetapakaa chini, Fritz akachukua kipande cha mpira mgumu cha chini ya gari akakataa kukiachia. Kampuni nzima ikatokana na kipande hicho.

Na vipande vya namna hiyo tunavyo. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita chini ya mji wa Iringa na katikati ya jiji la Mbeya, na malori ya Zambia na Kongo yakishapanda mlima Kitonga huwa yameacha sehemu ya mpira wao njiani. Kila penye kijiwe cha malori pana mafundi wa matairi, na penye mafundi wa matairi pana mkata katambuga, viatu vya matairi.

Mmoja wa Ipogolo, Iringa, alinionyesha kwa nini tairi si jibu rahisi kama nilivyodhani. Alikuwa na kisu kifupi na kopo la maji. Anachovya kisu, anakata, anachovya tena, maana mpira mkavu hushika chuma. Alinikatia pete yenye upana wa vidole vitatu, akaiinua kwenye mwanga. Kingoni zilikuwa zimechomoza ncha za waya, nyembamba kama nywele, nyingi. "Hizi zinamtoboa utumbo," alisema. Matairi ya kisasa ya malori yana nyavu za chuma ndani. Ya zamani yalikuwa na nyuzi, ndiyo anayoyataka kwa katambuga, nayo yanazidi kuadimika. Hata likiwa la nyuzi, mpira wa tairi umejaa masizi na kemikali ambazo hakuna aliyefikiria kwamba zitamezwa. Mbwa anayelamba hatadhurika sana. Anayemega na kumeza ni habari nyingine. Tyubu ndiyo usijaribu kabisa. Mbwa wangu aliimaliza muda wa kuchemsha maharage haujafika.

Bushi na stopa za gari zina mpira mnene zaidi, lakini bushi nyingi zina bomba la chuma katikati, na zilizotumika zimekunywa oili miaka mingi. Stopa mpya, isiyo na chuma, iliyo kubwa kuliko mdomo wa mbwa, ndiyo jirani wa karibu wa kile alichookota Fritz. Ila jirani si ndugu. Mpira wa gari umepimwa kwa uzito wa gari, haukupimwa kwa tumbo la mnyama.

Kuhusu kamba, duka lolote la vifaa vya ujenzi linayo ya katani, na katani ni ya kwetu tangu 1893, Richard Hindorf alipoileta kutoka Florida na miche 62 tu ikafika Tanga ikiwa hai. Kufikia 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000. Fundo la katani linafaa kwa kuvutana na mbwa jioni, kisha unalitundika juu. Ukimwachia usiku kucha atameza nyuzi, na nyuzi ndefu tumboni hukata kama msumeno. Za plastiki ni mbaya zaidi.

Kwenye mifupa sitachukua muda. Ya kitimoto na kuku iliyopikwa huvunjika ncha kali, basi. Kwato za ng'ombe zina kisa kirefu kidogo: miguu huenda kwenye supu ya makongoro, kwato zenyewe hubaki kama taka, na ng'ambo kwato zilezile husafishwa, hukaushwa na kuuzwa moja moja kwa ajili ya mbwa. Ungedhani mtaji umelala machinjioni. Tatizo ni ugumu. Madaktari wa mifugo wana kipimo cha ukucha: bonyeza kitu kwa ukucha wa dole gumba, kisipobonyea hata kidogo, kitamvunja gego. Kwato hazibonyei. Na gego kubwa la juu likipasuka, sijasikia wa kuliziba kuanzia Ipogolo mpaka Mbalizi, litang'olewa.

Kuna pia vitu ambavyo uwanja wa Nyanda za Juu Kusini unamgawia mbwa bure, na ndivyo hatari kuliko vyote. Gunzi la mahindi likimezwa vipande huziba utumbo, halimeng'enyeki, na ukanda mzima umejaa magunzi kila mavuno. Kokwa la parachichi vivyo hivyo. Vipande vya mbao kutoka Mafinga, mabaki ya misindano, huchanika vibanzi na kuchoma koo. Na mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa yasiingie uani kabisa: dawa inayotumika sana kwa nguzo ina shaba, kromu na aseniki.

Sasa nije kwenye mti ninaouamini. Maduka ya wanyama ya Ulaya huuza vipande vya shina la mkahawa, vimemenywa maganda, vimepigwa msasa, vimepangwa kwa uzito wa mbwa. Wauzaji wanaunadi kwa sababu mti huo ni mgumu bila kuwa jiwe, na unapotafunwa hulainika kuwa nyuzi fupi badala ya kuchanika vibanzi. Sehemu kubwa hutoka Vietnam, nchi ya pili duniani kwa kahawa. Mbozi na Rungwe nako mikahawa ipo. Mkulima wetu hukata mikahawa iliyozeeka ili ichipue upya, au huing'oa apande aina mpya za kituo cha utafiti cha Mbimba zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mashina yanayotoka hapo, unene wa kifundo cha mkono na zaidi, yanaishia jikoni kupikia maharage.

Nilimwomba shemeji yangu wa Mbozi aniletee matatu. Nilimenya ganda lote, kwa sababu mkahawa hupuliziwa mrututu na dawa za wadudu na mabaki hukaa kwenye ganda. Nikaosha, nikaanika juu ya dari wiki tano, nikalainisha kingo kwa msasa. Mbwa alikinusa kipande cha kwanza akakiacha, nami nikaona aibu mbele ya shemeji. Siku ya tatu nilikipaka mafuta ya usipa wa Kyela. Tangu hapo analala nacho. Baada ya mwezi kimepungua ncha zote mbili, zimekuwa kama mswaki.

Kazi inayokosekana, basi, ni ya mtu wa katikati: anayekusanya mashina, anayemenya, anayekausha sawasawa ili yasiote ukungu wa baridi ya Mbeya, anayepanga ukubwa wa aina tatu na kuandika kwa Kiswahili kwamba kipande kikibaki kidogo kiasi cha kumezeka kitupwe. Msumeno, msasa na dari kavu vinatosha kuanza. SIDO, shirika la viwanda vidogo, lina ofisi Mbeya na Iringa kwa ajili ya viwanda vya kiasi hiki hasa. Meza ya kuuzia ni duka la dawa za mifugo, pembeni ya dawa ya minyoo, mahali ambapo mwenye mbwa anafika hata hivyo. Ng'ambo itasubiri, huko wataulizia vyeti vya mabaki ya sumu kwanza, nao wana haki.

Mpira mwekundu ni mzuri kuliko kipande cha mkahawa, nakiri. Unaujaza ugali na dagaa, mbwa anahangaika nao saa nzima. Lakini unapatikana kwa bahati ya robota la mtumba, na bahati haijazi rafu za duka. Wakulima wa Mbozi na Rungwe mnaokata mikahawa baada ya mavuno haya, wekeni pembeni gunia moja la mashina yaliyonyooka kabla ya kuyatia motoni. Mwenye duka Gangilonga atakayeyaweka mezani anitafute. Ndala nilizovaa leo ni za kulia zote mbili.