Biti yako imekuwa bubu kwenye kompyuta ya kafe? Soma hapa

Leo somo ambalo mimi lilinigharimu biti nzima.

Mwaka 2009 nilitengeneza biti kwa OpenMPT kwenye kompyuta ya mshikaji. Nikaitia kwenye flashi, nikaenda nayo kafe kumsikilizisha msanii mmoja aliyekuwa anaitaka. Kufungua tu, ngoma zinalia, besi hakuna, kinanda hakuna! Jamaa akaniuliza, "Ndiyo hiyo tu?" Akalipia muda wake, akaondoka. Mimi nikalaumu virusi. Kumbe wapi.

Iko hivi. Treka, ukoo wa ile Ultimate Soundtracker ya Karsten Obarski ya mwaka 1987 kwenye Amiga, zinafungasha sampuli za sauti pamoja na noti ndani ya faili moja. Ndiyo maana faili la MOD la enzi hizo bado linalia. Plagini ni kitu kingine. Steinberg walileta VST mwaka 1996, na toleo la pili la 1999 likaleta vyombo vya muziki vyenyewe. Chombo cha namna hiyo ni programu inayotengeneza sauti papo hapo, na treka haiibebi ndani ya wimbo. Inahifadhi jina lake na jinsi ulivyozungusha vitufe vyake, basi. Kwenye mashine nyingine noti zipo, mpigaji hayupo. Ngoma zangu zililia kwa sababu zilikuwa sampuli.

Sasa kuitumia. Anza wimbo wa aina ya MPTM au IT. Tafuta plagini ya VST 2, yaani faili la .dll, mimi napenda Synth1 ya Ichiro Toda, ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Kwenye kichupo cha General chagua nafasi FX1, uielekeze kwenye hilo faili. Nenda Instruments, unda chombo kipya, kiunganishe na FX1. Hapa ndipo wengi wanakwama: angalia MIDI channel isiwe None, weka 1. Ikiwa None utabonyeza kinanda mpaka vidole viume, kimya.

Jambo lingine, sampuli ikiisha inanyamaza yenyewe, lakini plagini inaweza kushikilia noti mpaka uiambie iachie. Weka alama ya == kwenye pateni pale unapotaka ikome, la sivyo besi itavuma juu ya kila kitu.

Tukirudi kwenye ule ububu, dawa ya haraka ni kubeba OpenMPT ya zipu kwenye flashi, na .dll zako kando yake. Chukua plagini za biti 32, maana za biti 64 hazikubali kabisa kwenye Windows ya biti 32, na kafe nyingi zina mashine za zamani.

Dawa ninayoiamini zaidi ni kugeuza plagini kuwa sampuli. Piga noti moja peke yake, toa WAV, ipakie tena kama sampuli. Usirekodi noti moja tu ukategemea treka ifanye mengine. Ukipandisha sampuli oktava moja inakwenda mbio mara mbili na urefu wake unabaki nusu, besi inageuka mbu. Rekodi C ya kila oktava unayotumia. Sekunde 2 za mono, 44,100 kwa biti 16, ni kama kilobaiti 176 tu, flashi haitalalamika.

Siku hizi natunga na plagini, lakini faili la kumpelekea mtu ni la sampuli tupu. Lile lenye plagini silifuti, linabaki nyumbani, maana msanii akisema "punguza ukali wa hiyo besi", kwenye sampuli utahangaika.