Usalama wa Mtoto Mchanga Anapopewa Dawa ya Usingizi ili Apigwe Picha

Kipimo cha MRI humtaka mgonjwa atulie tuli, mara nyingi kwa dakika 20 hadi 60. Mtoto mchanga hawezi kuagizwa atulie, na akitikisa kichwa kidogo tu picha huharibika. Ndiyo maana baadhi ya watoto hupewa dawa ya usingizi. Dawa hiyo ina faida, lakini hatari yake kubwa ni kudhoofisha upumuaji.

Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba, na ulimi wake ni mkubwa kwa kinywa chake. Kwa kila kilo ya uzito, mwili wake hutumia oksijeni takriban mara mbili ya mtu mzima. Misuli ya koo ikilegea, oksijeni hupungua upesi.

Kwa hiyo, kwanza iulizwe kama dawa inahitajika. CT-Scan huchukua dakika chache tu. Hata kwa MRI, mtoto wa chini ya miezi 3 aghalabu hulala mwenyewe akinyonyeshwa, akakingwa masikio na kuviringishwa vizuri katika shuka.

Dawa ikihitajika, tumbo liwe tupu ili matapishi yasiingie mapafuni. Kwa kawaida mtoto hukaa saa 6 baada ya maziwa ya kopo au uji, na saa 4 baada ya maziwa ya mama. Dawa itolewe hospitalini, kamwe si nyumbani, na dozi ikokotolewe kwa uzito wa mtoto uliopimwa. Mhudumu mmoja, asiye na kazi nyingine, afuatilie upumuaji, mapigo ya moyo na oksijeni; vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua, vya ukubwa wake, viwe tayari. Mtungi wa oksijeni wa chuma usiingizwe chumba cha MRI, kwa kuwa sumaku huuvuta kwa nguvu.

Mzazi naye aeleze mapema kama mtoto alizaliwa njiti, ana mafua au kikohozi, hukoroma, au aliwahi kukatika pumzi.

Baada ya kipimo, mtoto aruhusiwe akiwa ameamka na kurejea hali yake ya kawaida. Dawa nyingine hudumu mwilini kwa saa kadhaa. Hivyo siku hiyo asibebwe mgongoni. Apakatwe mbele, uso ukionekana na shingo ikiwa imenyooka. Midomo ikigeuka rangi, au akiwa mgumu kuamka, arudishwe hospitalini mara moja.