Ishirini Shambani, Watano Mstarini

Wakati wa palizi ya mpunga Kyela, kikundi cha watu 20 huweza kuingia shamba moja alfajiri na jua likawakuta hawajafika mbali. Watu huwaita wavivu, nami naona wanaonewa: kosa liko kwenye idadi na mpangilio.

Jambo hili lilipimwa zamani. Kati ya 1882 na 1887, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba iliyofungwa kwenye kipimo cha nguvu, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Kundi likikua, jumla ya nguvu iliongezeka, ila mchango wa kila mtu ulipungua. Wakiwa 8, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu zake. Yaani watu 8 walivuta kama 4.

Nguvu nyingine zilipotelea wapi? Tazama watu wanavyoukokota mtumbwi kuupandisha mchangani pale Matema. Huyu anavuta, yule ndiyo kwanza anakita miguu, wa tatu ameshalegeza, na mtumbwi umetulia palepale. Akijitokeza wa kuongoza wimbo, wakavuta kwa pamoja, unasogea.

Lakini wimbo hautibu kila kitu. Mwaka 1974 huko Marekani, Alan Ingham na wenzake waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kwamba kuna wengine wanavuta nyuma yao. Nyuma yao hakuna aliyekuwa akivuta, wala hapakuwa na nguvu za kupishana, na bado walilegeza. Huko ni kutegea, na mtu anaweza kutegea bila kujijua.

Dawa ilionekana mwaka 1981, Kipling Williams, Stephen Harkins na Bibb Latané walipowapigisha watu kelele kwa pamoja. Walioambiwa kwamba sauti ya kila mmoja itapimwa peke yake hawakutegea. Kwa hiyo swali la kwanza si tuwe wangapi, ni je, kazi ya kila mmoja wetu itaonekana?

Wakulima wana ngwe tangu zamani: kila mtu na kipande chake, na jioni kipande chenyewe kinasema. Vikundi vya VICOBA, vya kuweka na kukopa, navyo hufika wanachama 30, ila hugawanywa watano watano wanaodhaminiana, maana kati ya watano hakuna pa kujificha. Basi wale 20 wa palizi ningewagawa makundi manne, kila kundi na upande wake wa shamba, na ndani ya kundi kila mtu na ngwe yake.

Kuna siku hesabu hii haifai. Mto Songwe ukifurika na mpunga umeshaiva, waje wote, hata wasiojua kushika mundu vizuri. Watu 40 wanaotoa nusu ya nguvu zao wataokoa mpunga mwingi kuliko watano wanaojituma mpaka mwisho.