Juu ya Nini Mahindi ya Beni Yanachelewa Butembo?

Kila musimu tunasikia neno hili nyumbani: «Mbegu hii ni mbaya, waliniibia ku soko.» Sisi wa darasa la sita tulianza kuuliza kama kosa ni la mbegu kweli.

Tazameni barabara kwanza. Toka Beni mpaka Butembo ni kilometa zaidi kidogo ya 50. Lakini Beni iko karibu meta 1.150 juu ya bahari, na Butembo karibu meta 1.750. Katika jiografia tulijifunza kwamba ukipanda meta 100, joto inapunguka karibu digri 0,6. Fanyeni hesabu: tofauti ni digri tatu na nusu hivi. Mstari wa ekweta unapita karibu nasi, upande wa kusini, na hata hivyo asubuhi tunavaa triko!

Kwa mtu mwenye triko hiyo ni kitu kidogo. Kwa mmea si vile. Mahindi hayahesabu siku kama sisi. Yanakusanya joto, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka kiasi chao kitimie, ndipo yanatoa maua. Kule Beni kiasi kinatimia upesi. Huku kwetu mbegu ileile inakawia majuma kadhaa. Mihogo vilevile. Viazi vya kizungu ni kinyume: vinataka usiku wa baridi ili vizae vizuri chini ya udongo. Ndiyo maana motokari zinashuka na viazi vya Lubero, na zinapanda na mawese ya Beni, kwani miti ya ngazi inapenda joto.

Majuma kadhaa yanaweza kuharibu chakula cha mwaka. Toka mwaka 2014, mauaji yalipozidi upande wa Beni, familia nyingi zilikimbilia Butembo, na wengine wanapewa shamba kwa musimu moja tu. Mama mmoja karibu na masomo yetu alipanda mwezi wa tatu mbegu aliyoleta toka kwake. Ni mbegu nzuri, aliilima miaka mingi. Mwezi wa saba ulipoisha, mwenye shamba akarudi kutayarisha maharagi yake, na mahindi yangali mabichi. Mama alivuna ya kuchoma; ya kuweka, hapana. Na mbegu ya musimu wa pili ikakosekana.

Lakini baridi na joto havielezi yote. Katika mfano wa mpanzi (Matayo 13) mbegu ni moja na udongo ni wa namna ine. Katika mashamba yetu hata mbegu si moja. Angalieni kahawa: kule Beni wanalima robusta, huku milimani arabika. Ugonjwa wa kukausha miti, unaoletwa na kuvu ndogo, ndugu ya uyoga, uliharibu robusta nyingi za Beni, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Arabika yetu ilipona, si kwa sababu ya baridi, ila ugonjwa ule wa kwetu unashika robusta. Na kati ya robusta zenyewe miti fulani ilibaki hai. Watafiti wa Uganda waliichagua na kuizidisha. Basi mtu akikuambia «kahawa inakufa», muulize kahawa gani.

Hata kilima kimoja hakifanani. Maharagi yanayostawi mteremkoni yanaoza mizizi kule bondeni, mvua ikizidi.

Kwa hiyo mukinunua mbegu, muulize muuzaji ilivunwa wapi, tena ilikaa miezi mingapi shambani. Ile musiyoijua, mupande mustari moja kwanza, na shamba lingine mupande ya jirani. Nyuma ya jiko la masomo tumepanda mistari mitatu siku moja: mahindi ya Beni, ya Butembo na ya Lubero. Kila juma tunaandika urefu na siku ya maua. Mwenye kupenda kupima pamoja nasi afike siku ya posho saa mbili asubuhi, na jembe lake.